Usiseme Nani Aliendesha

Great Harwood, Lancashire
Jumapili, 11 Juni 2017

Mwanangu Lorraine,

Salamu zako za mwezi uliopita zilifika, nami nakurudishia zangu kutoka huku kwenye mvua. Mimi ni mzima, goti tu ndilo linalonisumbua nikipanda ngazi. Wewe na Neil mko salama? Najua ungependa nipige simu, lakini hiki kidude changu cha masikioni kinapiga mluzi nikikisogeza karibu na simu. Nusu ya maneno siyasikii na nusu nyingine nayabuni. Afadhali kalamu. Nimewapelekea watu barua zao miaka thelathini na minane, sioni kwa nini nisitume zangu.

Mama yako yuko vilevile kule nyumba ya wazee, anasahau yote ila mimi. Ila nina habari nzuri, na hiyo habari nzuri ndiyo iliyoniletea balaa. Ijumaa ile ya tarehe 26 Mei alikula. Sisemi alionja, nasema alikula: viazi, nyama, karoti, halafu wali wa maziwa mpaka nikasikia kijiko kinakwaruza bakuli. Tangu Pasaka amekuwa akifumba mdomo baada ya vijiko vitatu, na wauguzi wana wazee kumi na wanne wa kulisha saa sita ileile, hawana nafasi ya kumbembeleza mmoja. Akiniona mimi hufungua. Basi siku hiyo alitafuna taratibu kama mtu asiye na safari, nami sikuthubutu kumwondolea kijiko eti muda wa gari umekwisha.

Unajua nyumba yao ile haina maegesho ya wageni, kwa hiyo huwa naegesha kwenye duka kubwa la jirani. Pale dakika tisini ni bure. Mimi nilikaa mia moja na thelathini na moja. Juzi ikaja bahasha kutoka kampuni inayoitwa Stellmark, ina picha mbili za gari langu, likiingia na likitoka, kama za mwizi wa benki. Wanataka pauni mia moja, au sitini nikilipa ndani ya siku kumi na nne.

Nimekwisha kuandika hundi ya sitini. Sijawahi kudaiwa na mtu, hata muuza maziwa. Lakini hundi iko mezani siku ya pili sasa, na mkono hauendi kuitia kwenye bahasha. Kila nikiitazama naona kama wananitoza kwa sababu mama yako alikula. Wewe umekaa kwenye mambo ya bima na madai miaka yote hii. Niambie, nilipe au nipinge?

Ni mimi,
Baba yako

*

Exeter
Jumatano, 14 Juni 2017

Baba mpendwa,

Tu wazima, ashukuriwe aliyetuumba, na Neil anakusalimu. Pole na goti. Pole zaidi na hao wanyang'anyi.

Ichane hiyo hundi. Sikiliza vizuri, Baba: hiyo SI faini. Faini hutolewa na polisi au halmashauri. Hao Stellmark ni kampuni ya watu binafsi, wameweka kamera kwenye geti la duka, na hicho walichokutumia ni ankara iliyovaa sare ya polisi. Wanaiandika kwa herufi nyekundu na maneno mazito ili wazee waogope walipe. Na wazee wanaogopa na wanalipa! Nimekasirika mpaka masikio yananiwaka. Mtu amekwenda kumlisha mke wake, wanamtoza pauni mia!

Rufaa nimekuandikia mimi. Nimekuambatishia, wewe weka sahihi tu na uitie posta. Lakini kuna jambo moja nataka ulishike kama amri ya kanisani. Usiseme nani aliendesha. Wanajua gari limeandikishwa kwa jina lako, basi. Dereva hawamjui, na hawana haki ya kukulazimisha umtaje. Kama wamekosea hata neno moja kwenye ile karatasi yao, deni linabaki kwa dereva, na dereva hana jina. Kwa hiyo katika barua hii wewe ni "mwenye gari". Usiandike "niliegesha", usiandike "nilichelewa". Na tafadhali, Baba, nakujua wewe, usiandike "samahani".

Ningependa ningekuwa hapo nikaitie posta mwenyewe. Kazini hapa wamepunguza watu na likizo imekuwa ya kuomba kwa magoti, ila nitajaribu Agosti. Mbusu Mama. Mwambie nimefurahi sana kuhusu wali wa maziwa.

Na mbona mwandiko wako umekuwa mkubwa hivyo? Maneno manne yamejaza mstari.

Mwanao,
Lorraine

*

Great Harwood
Jumatatu, 19 Juni 2017

Mwanangu,

Huku joto limetuvamia, nimefungua madirisha yote na bado nalala juu ya shuka. Nyinyi huko kusini nadhani mnaoga baharini. Mimi na mama yako hatujambo.

Nimeweka sahihi na nimeipeleka mwenyewe dirishani posta, nikachukua risiti. Lakini barua yako, mwanangu, ni ya ajabu. "Gari liliingia." "Gari lilibaki." "Gari liliondoka." Ukiisoma unadhani lile gari liliamka asubuhi, likaoga, likajiendea dukani peke yake. Nilimsomea Norman wa jirani akacheka mpaka akamwaga chai. Akasema nilifunge mnyororo lisije likaenda baa.

Sisemi ni uongo. Hakuna neno la uongo ndani yake, nimelitafuta. Ila nimebeba barua maisha yangu yote na nilikuwa naamini aliyeziandika ana kitu anataka mwenzake akijue. Hii imeandikwa ili mtu asijue. Basi, wewe ndiye mwenye elimu ya mambo haya.

Mwandiko ni kalamu mpya, nene.

Mama yako jana vijiko tisa.

Baba yako

*

Great Harwood
Alhamisi, 20 Julai 2017

Mwanangu Lorraine,

Natumaini unaendelea vizuri na kazi haijakumaliza. Mimi nipo, siwezi kulalamika, ingawa leo nitalalamika kidogo.

Wamekataa. Wameandika kurasa tatu kusema hapana. Ile sitini imeondoka, sasa ni mia kamili, na wamesema nisipolipa "hatua zaidi zitachukuliwa". Norman anamjua mtu wa Rishton aliyeendelea kubishana nao mpaka akaitwa mahakamani. Mimi nina miaka sabini na minane, Lorraine. Sijawahi kusimama mahakamani hata kama shahidi.

Nitakuambia ukweli. Nikisikia kifuniko cha tundu la barua mlangoni kinagonga, moyo unanienda mbio. Mimi! Mimi niliyegonga vifuniko vya mtaa huu wote! Na pale dukani siegeshi tena, naogopa ile kamera. Naegesha mtaa wa nyuma, mlimani, natembea na hili goti. Nikifika nimechelewa, chakula kimepoa, na mama yako hali kilichopoa.

Niache nilipe. Pauni mia zitaniuma wiki moja, hili linaniuma kila siku.

Baba yako

*

Exeter
Jumatatu, 24 Julai 2017

Baba yangu,

Pole. Pole sana, najua hujalala. Sisi huku wazima.

Lakini usilipe. Nakuomba. Hapo ndipo wanapotaka ufike, uchoke. Wakishakataa rufaa ya kwanza ndipo sheria inapokupa nafasi ya kwenda kwa msuluhishi wa nje, asiye mtu wao. Kwake hutumii hata senti, na akikubali hoja yako wamekwisha. Nimekwisha kumfikishia shauri kwenye kompyuta, kwa jina lako. Mimi nakaa kutwa nzima nikiwaandikia watu kwamba bima haitawalipa. Nijue basi kwamba safari hii moja nimemwandikia mtu wangu na ameshinda. Siwezi kuja kumlisha Mama. Siwezi kufanya chochote kutoka huku, maili mia mbili na zaidi. Hili naliweza. Niachie hili.

Nimeisoma ile karatasi yao mara kumi. Wameiandika sawasawa, kwa hiyo lile la kumficha dereva pekee halitatosha. Hoja yetu ni mabango. Sheria yao wenyewe inasema bango lazima lisomeke. Sasa nenda pale dukani, simama mahali unapoegesha siku zote, tazama bango lililo karibu, kisha uniambie kwa ukweli kabisa: unaweza kulisoma? Mwombe Norman apige picha kwa simu yake anitumie.

Na endelea kutosema nani aliendesha.

Mwanao akupendaye,
Lorraine

*

Great Harwood
Jumapili, 30 Julai 2017

Mwanangu,

Salamu kutoka kwangu, kwa mama yako, na kwa Norman anayejiona mpelelezi siku hizi.

Tumekwenda. Nimesimama palepale ninapoegesha. Umeniomba ukweli nami nakupa: sikusoma hata herufi moja. Naona ubao wa njano juu ya mlingoti, basi. Ungeweza kuwa unauza samaki. Norman amepiga picha saba na amekutumia.

Msuluhishi naye ameniandikia mwenyewe, kwa jina langu, barua ya heshima kabisa, karatasi nzuri. Anasema kama nina la kuongeza niandike ndani ya siku ishirini na nane. Nimefurahi kuandikiwa kama binadamu.

Mama yako amepungua kilo moja, lakini tangu Jumatano nimerudi kuegesha dukani, nakaa dakika themanini na tano, natazama saa kuliko ninavyomtazama yeye. Anakula.

Baba yako

*

Exeter
Jumanne, 5 Septemba 2017

Baba,

Hujambo? Mimi sijui nijibuje nikiulizwa.

Tumeshinda. Stellmark wamejitoa, wamefuta deni lote, hudaiwi hata senti. Niliipata habari leo asubuhi kwenye kompyuta, nikapiga kelele ofisini wenzangu wakageuka. Kisha nikafungua faili kuona ni hoja gani iliyowaangusha. Nikakuta barua yako, imepigwa picha, kurasa mbili, kwa mwandiko ule mkubwa.

Nainakili hapa kwa sababu nataka uisome kama nilivyoisoma mimi.

"Mheshimiwa, binti yangu ni hodari na amesema yote ya sheria, lakini hakutaka niseme nani aliendesha. Mimi ndiye niliyeendesha. Naendesha kila siku kwenda kumlisha mke wangu. Bango sikulisoma, kwa sababu tangu Aprili siwezi kusoma bango lolote, na barua nazisoma kwa kioo cha kukuzia. Daktari wa macho amenieleza kwamba katikati ya macho yangu yote mawili pameharibika wala hapatapona. Uso wa mtu nauona kwa kutazama pembeni yake. Kwa hiyo naona si haki kunitoza kwa bango ambalo nisingelisoma hata lingekuwa kubwa kama mlango wa kanisa. Samahani kwa usumbufu."

Tangu Aprili, Baba. Ulisema ni kalamu.

Walikuonea huruma, ndiyo maana wamefuta. Mimi nilijitahidi miezi mitatu na vifungu vya sheria, na wewe umewashinda kwa kuwaambia kwamba unaendesha gari huoni. Hivi hukusikia maneno yako mwenyewe ulipokuwa unayaandika? Ulidhani unajitetea!

Usiliguse hilo gari tena. Leo. Mpe Norman funguo. Halafu waandikie ofisi ya leseni uwaambie wewe mwenyewe, ndivyo sheria inavyotaka, na nina hakika yule daktari alikuambia vivyo hivyo. Taksi nitalipa mimi. Tafadhali nijibu haraka.

Lorraine

*

Great Harwood
Jumamosi, 9 Septemba 2017

Mwanangu Lorraine,

Salamu. Afya yangu umekwisha kuijua, sina la kuongeza.

Umeniuliza kama nilisikia maneno yangu. Nilisikia. Mtu aliniandikia kwa heshima akaniuliza kama nina la kusema, nami nilikuwa nalo. Wewe uliniagiza nikasimame pale niseme kama naweza kusoma. Nilisema siwezi. Ukafurahi. Ulidhani ni bango.

Sasa nisikilize. Ni maili nane. Nimezitembea, nimeziendesha baiskeli, nimeziendesha gari la posta tangu kabla wewe hujazaliwa. Kila kona naijua kama ngazi za nyumba yangu. Siendi baada ya jua kuzama, siendi barabara kuu, siendi zaidi ya maili thelathini kwa saa, na magari nyuma yangu yanapiga honi na mimi nayaacha yapige. Pembeni naona vizuri kabisa. Ni katikati tu.

Sitakuficha, kwa kuwa umesema nimekuficha. Julai niligusa nguzo ya geti la Norman, nimelipia rangi. Na Agosti pale kwenye kivuko cha waenda kwa miguu karibu na kanisa la Wamethodisti kuna mama mmoja mwenye kigari cha mtoto alinipigia kelele. Sikumgusa. Nilisimama kwa wakati. Alinitukana matusi ya wanaume.

Taksi sitaki. Kila siku kwenda na kurudi ni pesa ambazo wewe huna, na najua huna kwa sababu hukuja Agosti. Tena taksi hazingoji, na mama yako hali kwa saa ya mtu mwingine. Ukinitoa kwenye gari unamtoa mama yako kwenye kijiko. Sema hivyo kama ndivyo unavyotaka, usiseme leseni.

Nipe mpaka Krismasi. Daktari wa mama yako anasema kwa alivyo sasa huenda asifike mbali zaidi ya hapo. Nipe mpaka hapo tu, kisha nitakutumia funguo kwa posta.

Nakuomba. Sikumbuki kama nimewahi kukuomba kitu.

Baba yako

*

Exeter
Jumanne, 12 Septemba 2017

Baba,

Natumaini umelala vizuri kuliko mimi.

Siwezi. Nimejaribu siku nzima ya jana kuweza. Nilikuwa naona kile kigari cha mtoto. Ulisema "nilisimama kwa wakati" kama vile hilo linanituliza, kumbe ndilo lililonikosesha usingizi, maana hukuniambia ulikiona kwa umbali gani, na hukuniambia kwa sababu hujui.

Nimewaandikia ofisi ya leseni leo asubuhi. Nimewapa jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa na namba ya gari, na nakala ya barua yako. Nakuambia mimi mwenyewe kabla hujasikia kwao. Watakuita upimwe macho. Mpaka hapo nimemwomba Norman achukue funguo, na amekubali, ingawa hakufurahi.

Nichukie kama utataka. Ningeomba usimchukie Norman.

Mwanao,
Lorraine

*

Exeter
Jumapili, 15 Oktoba 2017

Baba mpendwa,

Hali yako? Ni mwezi mzima na siku tatu sijapata neno kutoka kwako. Napiga simu inaita mpaka inakatika. Norman ameniambia kwamba ulipimwa na leseni imeondolewa, na kwamba unakwenda kwa Mama kwa mabasi mawili, na la pili huja mara moja kwa saa.

Nilizungumza na mwenye taksi wa pale sokoni nikamlipa wiki mbili mbele. Ameniambia alikuja mlangoni siku tatu mfululizo na ukamrudisha. Baba, hiyo ilikuwa ya Mama. Ungenikasirikia mimi na taksi ukapanda.

Huku majani yameanza kuanguka. Neil anakusalimu. Tafadhali niandikie hata mistari miwili.

Mwanao,
Lorraine

*

Exeter
Jumatatu, 6 Novemba 2017

Baba,

Leo ndiyo nimejua kutoka kwa Norman kwamba ulilala kitandani wiki tatu na kifua. Kwamba ulinyeshewa kwenye kituo cha basi, ukapata homa, na ukamkataza asiniambie. Wiki tatu! Ningekuja. Ningeacha kazi nije, ungekohoa tu ningesikia.

Na Mama katika hizo wiki tatu? Nilipiga kule nyumba ya wazee, wakaniambia "anaendelea vizuri", wanavyomwambia kila mtu. Nani anamlisha? Amebaki na kilo ngapi?

Nimepata siku tano za Krismasi. Nitakuja na gari, nitakupeleka kwake kila siku, asubuhi na jioni, tutakaa naye sote wawili muda wowote tunaotaka na nitalipa kila bahasha watakayoleta. Nitapika mimi. Niambie tu nije.

Nisamehe, Baba. Sisemi nilikosea. Nasema nisamehe.

Lorraine

*

Great Harwood
Jumanne, 28 Novemba 2017

Lorraine,

Norman ananishikia taa ninapoandika hii, lakini maneno ni yangu, na hasomi, nimemwambia atazame dirishani.

Umeuliza nani anamlisha mama yako. Nitakujibu.

Wiki ya kwanza nilipokuwa kitandani hakula. Walijaribu zamu zote, alifumba mdomo. Wiki ya pili akaja muuguzi mpya, Mromania, mtu wa miaka arobaini na kitu, jina lake Florin. Anafanya zamu mbili kwa siku na ana mama yake mgonjwa huko kwao. Yeye hakuondoka. Alikaa na kile kijiko saa nzima, akamwimbia kitu cha kwao. Siku ya tatu mama yako alifungua.

Mimi nilipata nafuu tarehe 2 ya mwezi huu. Nikapanda basi la kwanza kabisa niwahi, nikafika saa tano na nusu, nimevaa tai. Nikaketi kwenye kiti changu. Wakaleta viazi na nyama. Nikachukua kijiko, nikampelekea. Akageuza uso. Nikajaribu tena, akanisukuma mkono, mchuzi ukamwagikia blanketi. Akaanza kulia, akaita jina langu, "Wilf! Wilf!" Nikamwambia, "Nipo hapa, mpenzi wangu." Akazidi kulia.

Akaja Florin mbio kutoka jikoni. Mama yako akanyamaza palepale. Akamwambia, "Wilf, mwambie huyu mzee aondoke, ananitisha."

Yule bwana alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Akaniambia, "Bwana Haworth, samahani, nimemwambia mara nyingi kwamba mimi siye." Nikamwambia aendelee, chakula kitapoa.

Nimekwenda kila siku tangu hapo, kwa basi. Ni vilevile. Kilo mbili alizopoteza zimerudi na nyingine juu yake, daktari anasema moyo ni imara, anaweza kuishi miaka. Mimi naketi kwenye kiti cha karibu na mlango, koti mkononi, ili nisimtishe. Anapewa wali wa maziwa, anamtazama yule bwana, anatabasamu. Anamuuliza kama leo barua zilikuwa nyingi. Naye, kwa wema wake, anamjibu kwamba zilikuwa nyingi.

Ulikuwa na haki, Lorraine. Nimelipima hili usiku na mchana na sipati pa kukukamata. Yule mtoto kwenye kigari yuko hai na mimi sijui jina lake, na pengine yuko hai kwa sababu yako. Mtu yeyote atakayesoma barua zetu atasema binti alifanya lililompasa. Hata mimi nitasema. Ungekuwa umekosea ningekusamehe asubuhi ileile, maana ningekuwa na la kusamehe.

Krismasi usije. Chumba chako kina baridi, na mimi siku hiyo nitakuwa kule tangu asubuhi. Wameniruhusu niketi mlangoni.

Baba yako